Ni Kidoa Tu?

SEHEMU YA 1

 

Wiki hii niliahidi kuandika kuhusu mtoto anayekataa uji. Nitaandika, msinisute. Leo nina neno limenikaa kooni muda mrefu na nataka kulitoa. Linahusu picha, nyota, na kosa nililofanya mimi mwenyewe nikiwa kazini. Itakuwa ndefu kidogo, nimeigawa sehemu sita. Anayenyonyesha asome taratibu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja mimba yake ikiwa imeharibika. Ilikuwa changa sana, wiki ya saba hivi. Alikuwa analia bila sauti, ule mlio wa mabega tu. Mimi nikiwa na foleni ndefu nje na uchovu wa zamu, nikamshika bega nikamwambia, "Mama, usilie sana. Kilikuwa kidoa tu. Utapata mwingine."

Akafungua kadi yake ya kliniki. Katikati alikuwa ameweka karatasi ndogo ya ultrasaundi aliyopiga wiki moja kabla. Mnazijua zile karatasi laini zinazong'aa: nyeusi, na mawingumawingu ya kijivu. Akaninyooshea kidole palipo na kale kadoa, akaniuliza, "Nesi, kwani wewe hapa huoni mtu?"

Sikuwa na jibu. Nikaita anayefuata.

SEHEMU YA 2

Sasa twendeni ziwani.

Siku za giza, mwezi usipokuwepo, ndipo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Usiku mmoja wa giza nilikuwa na mwanangu wa miaka saba ufukweni, umeme umekatika, tunapunga upepo. Nikaweka simu juu ya jiwe ili isitikisike, nikapiga picha ziwa.

Ikatoka picha nyeusi tii, na vidoa vyeupe kama arobaini vimetawanyika. Hakuna maji, hakuna mitumbwi, hakuna upande wa Kinesi. Ni weusi na vidoa. Mtoto akaichukua simu akauliza, "Mama, hizi nyota ni za wapi?"

Nikamwambia hizo si nyota, ni mitumbwi ya dagaa. Akaanza kuivuta picha kwa vidole viwili. Anavuta, anavuta, mpaka kile kidoa kikawa miraba miraba. Akasema, "Baba yake rafiki yangu ni mvuvi. Yuko kwenye ipi?"

Jamani, nilikaa kimya pale ufukweni. Kila kidoa kilikuwa na wanaume watatu, wanne, wenye baridi, wenye madeni ya mafuta, wenye watoto wamelala Mwigobero na Makoko wakisubiri asubuhi. Mtoto wa miaka saba kaiona picha ile ile niliyoiona mimi, na swali lake la kwanza likawa: nani yumo? Nikamkumbuka yule mama.

Picha ya namna hii wataalamu wa sanaa wanaiita picha dhahania. Usitishwe na jina. Ni picha ambayo ukiitazama huoni mara moja ni ya kitu gani. Unaona rangi, mistari, mwanga na giza, mpaka mtu akueleze ndipo inafunguka. Karatasi ya ultrasaundi ni hivyo hivyo. Na picha kubwa kabisa za ulimwengu ni hivyo hivyo pia.

SEHEMU YA 3

Kuna picha mbili nataka mzitafute kwenye simu zenu na kuwaonyesha watoto, kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Marekani wa Apollo 17 wakielekea mwezini, wakiwa kilomita kama 29,000 kutoka duniani. Dunia nzima inaonekana, mviringo, ya buluu na mawingu meupe. Na bara linaloonekana wazi ni letu, Afrika. Hakuna mipaka, hakuna majina. Mwambie mtoto aweke kidole upande wa mashariki: tupo humo. Bibi yako aliyekuwa analima mihogo mwaka ule yumo. Mwalimu Nyerere yumo. Ila hakuna anayeonekana.

Ya pili ilipigwa tarehe 14 Februari 1990. Chombo kinachoitwa Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kilikuwa kimeshafika kilomita bilioni 6 hivi kutoka kwetu. Mwanasayansi Carl Sagan alikuwa ameomba kwa miaka kwamba kamera igeuzwe ipige picha nyumbani. Wapo waliosema picha hiyo haina faida kisayansi, na tena kuielekeza kamera karibu na jua kungeweza kuiharibu. Mwisho wakakubali.

Ukiiona utadhani simu yako imeharibika. Ni giza lenye chengachenga, na mistari mipana ya mwanga hafifu iliyotokana na jua kupiga ndani ya kamera. Kwenye mstari mmoja kuna kidoa. Hakijai hata pikseli moja, yaani hata kale kamraba kadogo kabisa ka picha. Kidoa hicho ndio dunia. Ziwa letu lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ambalo ukisimama Musoma huoni ng'ambo yake ya magharibi, limo ndani ya kidoa hicho na halionekani.

Mimi naamini hii ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo nzuri. Ya kwanza unaipenda bila kuuliza. Ya pili inakulazimisha uulize kama mwanangu: nani yumo?

SEHEMU YA 4

Kwa nini nasema picha, wakati shuleni watoto wanafundishwa namba?

Kwa sababu namba peke yake haziingii. Mwambie mtoto jua liko kilomita milioni 150, atakariri, atapata vema kwenye mtihani, na hatakuwa ameelewa kitu. Hata mimi. Milioni 150 na bilioni 6 kichwani kwangu zote ni "mbali sana".

Basi nendeni jikoni. Chukua punje ya choroko, milimita kama 4. Hiyo ndiyo dunia. Chukua punje ndogo ya ulezi, ule ule wa uji, hiyo ndiyo mwezi. Iweke sentimita 12 kutoka kwenye choroko, umbali unaozidi urefu wa kidole chako cha kati. Jua nalo ni kitu cha mviringo chenye upana wa sentimita 44, kama ungo mdogo. Uweke wapi? Hatua kama 60 za mtu mzima, mita 47 hivi. Hapo ushatoka nje ya uwanja, unamsumbua jirani.

Kile chombo kilichopiga picha ya kidoa, kwa kipimo hiki cha choroko, kilikuwa karibu kilomita 2 kutoka kwenye choroko yako. Fikiria kupiga picha punje moja ya choroko kutoka kilomita 2. Ndiyo maana ikatoka vile.

Na nyota iliyo jirani zaidi na jua letu? Kwa kipimo hicho hicho iko zaidi ya kilomita 12,000. Mbali kuliko kutoka Musoma hadi New York. Katikati hapo, karibu hakuna kitu. Ni choroko, ungo, vipunje vichache, kisha giza mpaka Marekani na kupita.

Sasa nirudi kazini kwangu. Ukiangalia vizuri karatasi ya ultrasaundi utaona alama mbili ndogo za kujumlisha. Mpimaji ameziweka huku na huku kwenye mtoto ili mashine ihesabu urefu. Pembeni kuna vialama vya sentimita kama rula. Bila vitu hivyo karatasi ile ni wingu tu. Ukizijua alama, wingu linakuambia mtoto ana wiki ngapi. Wiki ya sita, mtoto tumboni ana urefu wa milimita 4 au 5 hivi. Choroko ile ile mliyoiweka mezani.

Picha nyingi za ulimwengu zinazozunguka kwenye magrupu yetu hazina rula. Mtu anarusha picha yenye rangi za kupendeza, anaandika "tazama ukuu", basi. Huyo hajafundisha, ameshangaza tu, na mshangao bila kipimo unapita kama tangazo. Ukimwonyesha mtoto picha ya nyota, mpe na kipimo. Sema, "mwanga unafika mwezini kwa sekunde moja na kitu, kwenye jua kwa dakika 8 na kitu." Kilimia, kile kifungu cha nyota ambacho wazee walikitazama kujua msimu wa kulima, mwanga wake unaouona usiku huu ulianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita. Hicho ni kipimo.

Na rangi je? Hapa nisikilizeni vizuri, maana inatusumbua hata wodini. Kuna ultrasaundi inayoonyesha nyekundu na buluu. Mama akiona nyekundu anashtuka: mtoto anavuja damu! Hapana. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayosogea kuelekea kifaa kilicho tumboni kwako, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Mashine imepaka rangi ili tuelewe mwendo. Picha za darubini ya James Webb ni vivyo hivyo: inapokea mwanga ambao macho yetu hayauoni, kisha wataalamu wanaupa rangi tunazoziona. Si uongo. Ni tafsiri, na tafsiri inahitaji mtu wa kuieleza.

SEHEMU YA 5

Mtaniuliza, sasa nyumbani nifanye nini na simu yangu ya kawaida? Mengi.

Moja. Mwalimu mmoja wa Uholanzi, Kees Boeke, alitoa kitabu mwaka 1957 kinachoanza na msichana ameketi kitini amempakata paka, kisha kila picha inarudi nyuma mara kumi. Fanyeni kwa kwetu. Mtandikie mtoto kanga ufukweni. Picha ya upana wa mita 1: uso wake na mikono. Mita 10: familia yote. Mita 100: miti, mawe na mitumbwi iliyopaki. Kilomita 1: mtaa. Hizo za mwanzo mnaweza kupiga kwa kurudi nyuma au kupanda kwenye mawe makubwa ya kwetu. Kuanzia hapo tumieni ramani ya setilaiti kwenye simu. Kilomita 10: mji wa Musoma na maji. Kilomita 100: Butiama imeingia, Bunda imebaki nje kidogo tu, samahanini watu wa Bunda. Kilomita 1,000: Ziwa Victoria lote limo, Nairobi, Kampala na Kilimanjaro zimo, Dar es Salaam haimo. Kilomita 10,000: karibu Afrika yote. Hatua nne tu kutoka kilomita 10 na mtoto ameshaiona dunia ikiwa kimpira. Kila hatua muulize: wewe uko wapi hapa? Asiache kunyoosha kidole.

Mbili. Geuzeni vikaango. Mpiga picha wa Norway, Christopher Jonassen, alipiga picha za vitako vya vikaango vilivyochakaa kwa mikwaruzo na masizi, na kila kimoja kinaonekana kama sayari. Mama gani wa hapa hana sufuria ya hivyo? Iweke kwenye mwanga wa dirisha, jaza picha na kitako chote, pembeni kuwe na giza. Matone ya mafuta juu ya maji nayo, ukisogeza simu karibu, yanakuwa kama miezi. Mtoto akikwambia "hii ni sayari", muulize inafanana kwa nini na inatofautiana wapi. Hapo anajifunza kwamba picha inaweza kumdanganya asiyeuliza.

Tatu. Kwa walio na watoto wachanga. Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi mpaka usoni kwako. Anapenda kutazama vitu vyenye tofauti kali ya weusi na weupe. Huhitaji kununua kitu. Uso wako ndio picha yake, na ulimwengu wake wote kwa sasa una upana huo. Mpe muda wa kuutazama, weka simu chini.

Na onyo langu la kinesi: msielekeze macho wala kamera kwenye jua, hata wakati wa kupatwa. Jua linaunguza ndani ya jicho bila maumivu, na mtoto hatakwambia mpaka ameshaumia. Miwani ya kawaida ya jua haizuii.

SEHEMU YA 6

Najua mtakayosema, maana ndugu zangu wameshaniambia.

Wa kwanza anasema, "Nesi, watu wanatafuta hela ya daftari, wewe unaleta nyota." Namwelewa. Mimi pia natafuta. Lakini choroko iko jikoni, giza la usiku ni la bure, na Butiama ukitoka kidogo kwenye taa unaona nyota kuliko mtu wa Dar mwenye darubini. Tusiwafanye watoto wetu wadhani ulimwengu ni wa watu wa mbali. Setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa baharini, karibu na Malindi, hapo Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yao ya uhuru. Aliyesimamia mradi ni mwanamke, Marjorie Townsend. Na jina walilolipa ni neno letu: Uhuru. Mwambie binti yako hilo.

Wa pili anasema, "Ukimwonyesha mtoto kwamba dunia ni kidoa, atajiona si kitu." Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilitazama kipande kidogo sana cha anga, kilichoonekana hakina chochote, kwa siku kumi mfululizo. Zikatokea galaksi kama 3,000, na galaksi moja inaweza kuwa na mabilioni ya nyota. Kweli mtu akipewa hayo bila kuelezwa anaweza kuinama. Ila mimi nimemwona mtoto wangu pale ufukweni. Hakusema "wavuvi ni wadogo." Alitaka kujua baba wa rafiki yake yuko taa ipi. Watoto hawalinganishi udogo na thamani mpaka sisi wakubwa tuwafundishe. Na tunawafundisha. Tunasema "ni kidoa tu", "ni mimba changa tu", "ni mvuvi tu", "ni mtoto tu". Hilo neno *tu* ndilo linaloumiza. Kidoa hakina kosa.

Kitu kikiwa kidogo kwenye picha, maana yake ni kwamba kamera iko mbali. Haituambii zaidi ya hapo. Siku ile mimi nilikuwa na foleni, nikasimama kilomita bilioni 6 kutoka kwa yule mama, wakati yeye alikuwa sentimita 30.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba.

Wauguzi wenzangu, mama akipewa karatasi ya ultrasaundi, tumweleze. Dakika mbili: hii ni rula, hizi ni alama, huyu hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Basi wale wanaoipata wasitoke na wingu mkononi. Na mimba ikiharibika, tusipime huzuni ya mama kwa milimita. "Pole mama, nipo hapa" inatosha.

Akina mama, zile karatasi zinafifia kwa joto na jua. Pigeni picha kwa simu mapema mhifadhi, ya furaha na ya msiba. Na ukiona damu au maumivu ya tumbo ukiwa mjamzito, usikae unasoma post zangu, nenda kituo cha afya.

Akina baba, mkeo akipoteza mimba changa, usimwambie ilikuwa bado. Kaa naye.

Na sisi sote, siku za giza zikija, tokeni na watoto mtazame taa za dagaa. Pigeni picha. Mkishaipata ile picha nyeusi yenye vidoa, msiwaambie watoto ni kitu gani. Waacheni waulize wenyewe.

Yule mama sikumwona tena. Kama unanisoma, dada yangu: uliniuliza kama sioni mtu. Sikukujibu siku ile, na nilitakiwa kukujibu. Nisamehe. Pole sana.

Kesho uji.